Namba za kwenye boksi la spika za masikioni hazilindi sikio la mwanao

Ukigeuza boksi la spika za masikioni dukani, mara nyingi utakutana na mstari huu: 20 Hz–20 kHz. Boksi la shilingi elfu kumi linao, na la laki mbili linao vilevile. Muuzaji atakuambia hiyo ndiyo alama ya mzigo mzuri. Akikuonyesha jingine lililoandikwa 5 Hz–40 kHz, atakuambia hilo ni bora zaidi, na bei itapanda.

Mpenzi msomaji, namba hizo zina maana, lakini siyo ile ambayo wengi wanaidhani. Hazisemi lolote kuhusu usalama wa sikio. Namba zinazohusu usalama zipo, ila huandikwa kwa herufi ndogo au haziandikwi kabisa. Na jambo kubwa kuliko zote haliko kwenye boksi: ni kitufe cha kuongeza sauti kilicho mkononi mwa mtoto mwenyewe.

Leo tusome pamoja boksi hilo, ili ukitoa fedha yako ujue unanunua nini, na mwanao akifika umri wako awe bado anasikia vizuri.

Hz ni nini?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hz ni kipimo cha mitikisiko hiyo katika sekunde moja, yaani masafa, neno lilelile unalolisikia redioni wanapotaja masafa ya kituo chao. Mtikisiko ukiwa wa polepole sauti huwa nene, kama ngoma kubwa au besi. Ukiwa wa haraka sauti huwa nyembamba, kama filimbi. Na kHz moja ni Hz 1,000.

Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban Hz 20 hadi Hz 20,000. Kadiri umri unavyosogea, mpaka ule wa juu hushuka. Watu wengi wa umri wa kati hawasikii tena sauti za Hz 16,000 au 17,000, na wala hawajui kama wamezikosa, kwa kuwa katika maisha ya kila siku hazina kazi kubwa.

Sauti tunazozihitaji zaidi ziko chini ya hapo. Noti ya juu kabisa ya piano ya kawaida ni kama Hz 4,186. Simu za mezani kwa miaka mingi zilibeba masafa ya kati ya Hz 300 na 3,400 tu, na tulielewana. Tatizo lilikuja pale ulipotaja jina lenye "s", mwenzako akaandika "f". Herufi kama s, sh, f na th zina sauti nyembamba, na sehemu kubwa ya sauti hizo iko juu ya masafa ambayo simu ile iliyabeba.

Kumbuka jambo hilo la herufi. Tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloonyesha mtoto anapoteza nini.

Mstari huo unaficha nini?

Boksi likisema 20 Hz–20 kHz, linakuambia mwanzo na mwisho wa safari tu. Ni kama basi lililoandikwa Dar–Mwanza. Unajua linapoanzia na linapoishia, lakini hujui litakwendaje njiani.

Spika nzuri hutoa sauti nene, za kati na nyembamba kwa uwiano unaoeleweka. Spika duni inaweza kuongeza besi kupita kiasi, ikafifisha sauti za kati ambako maneno yako, kisha ikatoa sauti kali zinazochoma sikio. Zote mbili zinaweza kuandikwa mstari uleule.

Ndiyo maana mtengenezaji makini huongeza alama ndogo mwishoni, kwa mfano ±3 dB. Maana yake ni kwamba ndani ya masafa hayo hakuna sauti inayopanda au kushuka kwa zaidi ya desibeli 3 kutoka kwenye kiwango kilichokusudiwa. Bila alama hiyo, mstari huo hauna uzito. Kifaa kinaweza kufika Hz 20 kwa sauti hafifu ambayo huwezi kuisikia, na bado kikaandikwa hivyo.

Na ile 40 kHz? Hakuna binadamu anayesikia sauti ya Hz 40,000 kwa njia ya kawaida. Mbwa wanaweza, na popo ndiyo kabisa. Kifaa chenye namba hiyo kinaweza kuwa kizuri kwa sababu nyingine, lakini usiongeze fedha kwa ajili ya namba hiyo peke yake.

Besi ndiyo inayowaponza wengi

Hapa ndipo mambo ya masafa yanapokutana na afya ya sikio.

Sikio la binadamu ni zito kusikia sauti nene. Ukicheza muziki kwa sauti ndogo, besi huonekana kama imepotea ingawa ipo. Kijana anayependa ngoma nzito atapandisha sauti ili aisikie. Besi inakuja, lakini haiji peke yake. Sauti za kati na nyembamba, ambazo sikio linazipokea kwa urahisi zaidi, nazo zinapanda.

Hali inakuwa mbaya zaidi spika zisipokaa vizuri. Zile za kuchomeka ndani ya sikio zikiwa kubwa au ndogo kuliko tundu la sikio, besi huvuja nje. Mtumiaji hudhani kifaa hakina nguvu, anaongeza sauti.

Jaribu hivi: vaa spika hizo, weka muziki kwa sauti ya wastani, kisha zisukume taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, ujue hazikuwa zimeziba vizuri. Usipandishe sauti. Badilisha vile vifuniko vya mpira. Maboksi mengi huja na saizi tatu, na wengi wetu huziacha humo ndani bila kuzijaribu. Mtoto kwa kawaida anahitaji saizi ndogo.

Kelele za nje nazo hufanya kazi hiyohiyo. Ndani ya daladala, injini na barabara hufunika muziki, na mtoto hupandisha sauti ili aishinde injini. Anaposhuka na kuingia chumbani kwake hairudishi chini, kwa kuwa sikio limeshaizoea.

Namba za kutafuta ni desibeli

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, dB. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Simu nyingi zikiwekwa sauti ya mwisho, spika za masikioni zinaweza kufika desibeli 100 au kuzidi.

Kwenye boksi tafuta namba iliyoandikwa dB ikifuatiwa na mW, kwa mfano 98 dB/mW au 112 dB/mW. Hiyo inaonyesha kifaa kinatoa sauti kubwa kiasi gani kikipewa umeme kidogo uleule. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo kifaa kinavyopiga kelele zaidi simu ikiwa kwenye kiwango kilekile. Muuzaji huitaja kama sifa. Kwa mzazi, ni tahadhari.

Ndiyo maana mtoto akibadilisha spika, kile kiwango alichokizoea kwenye simu hakina tena maana ileile. Nusu ya sauti kwenye spika za zamani si sawa na nusu kwenye mpya. Mfundishe kuanza chini kabisa kila anapochomeka kifaa kigeni.

Kinachoharibika ndani

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, kinachoitwa koklea. Humo kuna seli zenye vinyweleo vidogo, zinazokaribia 16,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Seli hizi kwa binadamu haziwi mbegu. Ikifa moja, hakuna nyingine inayoota, na hakuna dawa wala tone la sikio linaloirudisha.

Sauti kubwa huzichosha. Zikipumzishwa mapema hupata nafuu, na ndiyo maana ule mlio wa "nziii" baada ya muziki mkubwa hupotea kesho yake. Zikichoshwa tena na tena, hufa.

Uharibifu wa kelele kwa kawaida hauanzi kwenye besi. Huonekana kwanza kwenye sauti nyembamba, mara nyingi karibu na Hz 4,000. Sasa rudi kwenye zile herufi. Maneno fika, pika na shika yanatofautiana kwa mwanzo tu. Irabu zina sauti nene na nguvu, kwa hiyo mtoto anazisikia. Konsonanti ndizo zinazofifia. Mwalimu akizungumza, anasikia kwamba kuna mtu anaongea, lakini neno lenyewe analikisia.

Mtoto huyo hasemi "sisikii". Anasema "mwalimu anaongea vibaya". Nyumbani anaitwa mbishi. Darasani anaitwa mzito. Mtu mzima naye husema, "Nasikia, ila sielewi." Ukisikia kauli hiyo, usiipuuze.

Hesabu ya wiki

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) walitangaza kiwango cha usikilizaji salama. Kwa mtu mzima, ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto, ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

Jambo la kushika ni hili: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili, hivyo muda salama hukatwa nusu. Sikio halitambui ongezeko hilo kama jambo kubwa, lakini seli zinalitambua.

Kwa mtoto hesabu inakwenda hivi kwa wiki nzima:
Desibeli 75: saa 40.
Desibeli 78: saa 20.
Desibeli 81: saa 10.
Desibeli 84: saa 5.
Desibeli 87: saa 2 na nusu.
Desibeli 90: saa 1 na robo.
Desibeli 93: takriban dakika 37.

Sasa mchukue mwanafunzi anayepanda daladala saa moja kwenda shule na saa moja kurudi, siku 5 kwa wiki, spika zikiwa masikioni. Hizo ni saa 10. Akisikiliza kwa desibeli 81, ametumia haki yake yote ya wiki kabla hajafungua katuni, mchezo wa simu au masomo ya mtandaoni. Akisikiliza kwa desibeli 93 ili aishinde injini, amemaliza haki ya wiki nzima Jumatatu asubuhi kabla hajafika shuleni.

Makadirio ya WHO ni kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa usikilizaji wa aina hii, jambo linaloweza kuzuilika.

"Hizi ni za watoto, mwisho desibeli 85"

Zipo hedifoni za watoto zenye kizuizi cha sauti, na nyingi huandikwa 85 dB. Ni bora kuliko zisizo na kizuizi, lakini usizichukulie kama ruhusa ya kuvaa kutwa. Kwa hesabu tuliyoiona, desibeli 85 kwa mtoto ni takriban saa 4 kwa wiki.

Tena angalia kizuizi kiko wapi. Baadhi ya aina hukiweka kwenye waya, kiasi kwamba mtoto akibadilisha waya, au akiugeuza upande, kizuizi hakipo. Kabla ya kulipa, chomeka kwenye simu yako, fungua sauti hadi mwisho na uzisikilize mwenyewe kwa sekunde chache. Ikikukera wewe, itamuumiza yeye. Tundu la sikio la mtoto mdogo ni dogo, na sauti inayosukumwa katika nafasi ndogo hufika na shinikizo kubwa zaidi.

Kwa mwenye usikivu uliopungua

Kama wewe au mwanao tayari ana tatizo la kusikia, usinunue spika zenye besi nzito ukidhani zitasaidia. Kinachokosekana kwa kawaida ni sauti nyembamba za konsonanti, na besi huzifunika zaidi. Tafuta zinazotoa maneno kwa uwazi. Zijaribu kwa kusikiliza taarifa ya habari, siyo muziki.

Anayesikia kwa sikio moja tu afungue mipangilio ya ufikivu kwenye simu na kuchagua sauti ya mono. Bila hivyo, sehemu ya sauti inayotoka upande wa sikio bovu humpotea, naye hudhani kuiongeza ndiyo suluhisho.

Anayevaa kifaa cha usaidizi wa kusikia asikivue ili achomeke spika na kufungua sauti hadi mwisho. Amuulize mtaalamu wake kama kifaa hicho kinaungana na simu kwa bluetooth, au atumie hedifoni kubwa zinazofunika sikio pamoja na kifaa.

Mwenye sikio linalotoa usaha, au aliyeambiwa ngoma ya sikio imetoboka, asitumie zile za kuchomeka ndani. Na kwa wote: msiazimane, zifute mara kwa mara, na usichokonoe nta kwa pamba za vijiti. Unaisukuma ndani zaidi.

Ukienda dukani

Usichague kwa ukubwa wa namba za Hz. Kama imefika 20 Hz–20 kHz, inatosha. Ikiwa na ± na desibeli mbele yake, afadhali zaidi.

Mpeleke atakayezitumia. Zikae vizuri bila kubana na bila kulegea, kwa kuwa zinazoziba vizuri hupunguza haja ya kuongeza sauti.

Kwa anayesafiri kila siku, hedifoni za kufunika sikio au zile zinazopunguza kelele za nje husaidia, kwa sababu hupunguza mngurumo wa injini na muziki husikika kwa sauti ndogo. Ila akishuka kwenye gari azivue. Anayevuka barabara lazima aisikie bodaboda.

Nyumbani, fungua mipangilio ya simu ya mtoto uweke kikomo cha sauti, kama simu ina uwezo huo. Kama haina, kisizidi asilimia 60. Kisha tumia kipimo cha mkono: simama mbali naye kwa urefu wa mkono wako, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, au wewe ukiusikia muziki wake, sauti imezidi. Na kila baada ya saa moja, masikio yapumzike.

Usimpime mtoto kwa zile video za mtandaoni zinazopiga mlio wa Hz 15,000 au 17,000. Spika ya simu yenyewe inaweza isiutoe vizuri, na kutousikia hakuthibitishi ugonjwa. Kipimo halisi cha usikivu hufanywa na mtaalamu katika chumba tulivu, kwa kawaida kati ya Hz 250 na 8,000, ambako maneno ya watu yako.

Lini umwone daktari?

Mpeleke mtoto kwa daktari wa masikio, pua na koo ukiona anaongeza sauti ya televisheni wenzake wakiwa wanasikia, anauliza "eeh?" mara kwa mara, anakutazama mdomo unapozungumza, au maendeleo yake ya darasani yameshuka bila sababu. Fanya hivyo pia kama mlio masikioni unaendelea zaidi ya siku moja, au kama sikio linauma, limeziba au linatoa usaha.

Na kama usikivu umepotea ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hasa kwa sikio moja, hiyo ni dharura. Usisubiri wiki ijayo ukidhani ni nta. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana matibabu ya mapema ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuokoa sikio hilo.